Mwanamke wa Skrini Nyeusi

Mwanamke aliyekaa kwenye kompyuta iliyo jirani na yangu alikuwa anaperuzi mtandao huku skrini imezimwa.

Nyeusi tii. Kipanya hakigusi. Vidole tu vinakimbia kwenye kibodi.

Mimi ni mtu wa mji wa Techiman. Huku tunawajua vijana wa sakawa, wale matapeli wa mtandaoni wanaosemekana kulala makaburini kutafuta uchawi ili mzungu wa watu atume hela bila kujielewa. Nikajua tu, huyu ndiye mama yao.

Nikaanza kukemea chini kwa chini. "Damu ya Yesu. Damu ya Yesu."

Kusema kweli hata nguvu za kukemea sikuwa nazo. Wiki nzima nilikuwa nikifunga meza yangu ya viazi vikuu sokoni, naburuta miguu hadi kwenye kafe ya Kaka Yeboah. Binti yangu Akyaa alifaulu vizuri, lakini hakupangiwa shule yoyote. Waliokosa walitakiwa wajichagulie mtandaoni kwenye nafasi zilizobaki, na huko mwenye kasi ndiye mwenye shule.

Akyaa ana selimundu. Nilitaka shule moja tu, ile iliyo jirani na hospitali yetu. Nyingine zote zilikuwa mbali, za bweni. Mifupa ikianza kumuuma usiku, nani angemkimbiza?

Siku hiyo Kaka Yeboah akaniambia shule yetu imefungua nafasi chache, niwahi.

Nikafungua ukurasa. Orodha ya shule haina mwisho. Nateremka nayo kwa kipanya, kipanya kinakwama, kinaruka. Nikifika katikati ukurasa unanitoa nje, naanza upya. Mara mkono ukateleza.

"Mungu wangu, imejifunga yote."

Nikalaza kichwa mezani. Sikulia. Machozi nayo yalikuwa yamechoka.

"Mama, bonyeza Ctrl, Shift na T kwa pamoja," yule mwanamke akasema bila hata kugeuka.

Nilimwogopa. Lakini aliyechoka hachagui mkono wa kumwinua. Nikabonyeza, ukurasa ukarudi.

"Kipanya achana nacho. Bonyeza Tab mpaka ufike kwenye orodha ya shule. Umefika?"

"Nimefika."

"Usiteremke nayo. Andika herufi za mwanzo za jina la shule unayoitaka, harakaharaka."

Nikaandika. Orodha ikaruka yenyewe hadi kwenye shule yetu. Siku zote hizo nilikuwa nashuka ngazi kwa magoti, kumbe mlango ulikuwepo.

"Tab tena. Halafu Enter."

Ukurasa ukazunguka, ukazunguka. Kisha likatokea jina la Akyaa, na chini yake jina la shule.

Nikashukuru, nikashukuru tena. Nikamwuliza, dada, umejuaje nimekwama, na macho yako hayajatoka kwenye hiyo skrini yako iliyozimwa?

Akacheka kidogo. Akachomoa kisikilizio sikioni, nikasikia kisauti kinasoma mbio kila kilichokuwa kwenye kompyuta yake.

"Tangu umekaa unaibembeleza na kuitukana hiyo mashine. Nani asingejua?"

Halafu akapapasa chini ya meza, akatoa fimbo nyeupe, akaikunjua.

Skrini ya nini kwa mtu asiyeona? Kipanya cha nini?

"Na ile damu ya Yesu nimeisikia pia," akasema, akiitafuta njia kwa fimbo. "Usijali, mama. Kila kafe ninayoingia wananimwagia."

Akaenda zake. Hata jina sikumwuliza.

Akyaa sasa anasoma hapa hapa. Mifupa ikimuuma, nafika kwa miguu. Kipanya sikitaki tena.

Na nikiona jambo nisilolielewa, siku hizi nauliza kwanza. Kuuliza hakuchoshi kama kukemea, na sisi wengine tumeshachoka vya kutosha.