Maji ya maua ya Maria

Leo miye na mama karibu tugombane mbele ya sanamu ya Bikira Maria.

Dada yangu Odette iko na homa kali, macho inamuuma kwa ndani. Test ya malaria: hamuna kitu.

Infirmière, muuguzi wa kituo cha afya, akasema: «Inaweza kuwa homa ya dengue. Musimupe aspirine. Mbu yake inauma muchana, inazalia mu maji safi. Tafuteni kwenu.»

Tukaangalia mapipa yote ya maji, tukayafunika. Kitu hamuna.

Njo naona vaze ya maua mbele ya sanamu ya Maria. Watoto wa mbu wanacheza ndani! Mama anaongezaka tu maji, hamwagi, juu ya vile padri alibariki ile maji.

Nilipotaka kuimwaga, mama akanishika mukono: «Weye! Usiguse!»

Odette akalia mu chumba.

Mama akaniachilia. Akakamata vaze, akaimwaga mu vumbi yeye mwenyewe, midomo inasali.

Kwenu, ile maua iko mu maji ya tangu lini?