Adelgunda na Maua ya Rweya

Adelgunda amekuwa akikata nyasi za kutandaza migombani tangu alipofiwa na mume, na kijiji kizima cha Mabira hakuna anayefunga mzigo mzito kama wake. Nyasi anazitoa rweya, yaani ile mbuga ya wazi juu ya kijiji. Huko kuna kipande chenye unyevu, hakizidi viwanja viwili vya nyumba, ambacho hakigusi mpaka maua yake ya zambarau yamalize kumwaga mbegu. Mtaalamu wa mimea aliyepita mwaka juzi alimwambia kuwa maua hayo aliwahi kuyaona kwenye kilima kingine kimoja tu, nacho kimeshalimwa.

Mwezi wa nane ikasikika kwamba mteremko wote umeuzwa kwa Luqman, mfanyabiashara wa Omurushaka, apande mikaratusi. Wachimba mashimo wangeingia Jumatatu. Na kiangazi maua hayo hayaonekani. Hubaki viazi vidogo chini ya udongo. Jembe lingeyamaliza asubuhi moja.

Mwingine angekaa kulia. Adelgunda alipanda bodaboda hadi dukani kwa Luqman. Mimi nina duka la pembeni, niliwasikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Luqman, miti yako nani ataikinga na moto?"

"Moto gani tena?"

"Wa kila kiangazi. Wachungaji wanachoma wapate majani mabichi. Miche yako itakuwa mkaa hata hujaizoea."

Luqman akaacha kupima maharage.

"Nitakufyekea njia kuzunguka shamba zima, moto usipate pa kupita. Kila mwaka. Wewe niachie kile kipande cha maji chenye maua."

"Kisa maua? Mama, maua yenyewe hata mbuzi hayataki!"

"Ndiyo maana bado yapo."

Luqman alicheka, akakubali. Nikadhani yameisha. Adelgunda hakuondoka. Alitaka Luqman mwenyewe aje apande omuramura, mti mwembamba wa mipaka, mbele ya majirani. Huku ukishapandwa hivyo, hakuna anayethubutu kuung'oa. Jumamosi Luqman akaja na viatu vyake vya mjini, akachomeka vijiti kumi na viwili kuzunguka kile kipande huku akiguna, "Hivi navyo vitamzuia nani?"

Kisha akasahau kuwaambia vibarua. Jumatatu Adelgunda alipofika, mashimo yalikuwa yameshateremka mstari mnyoofu kuelekea kwenye maua. Akamwita Clavery, msimamizi wao.

"Mmefika wapi?"

"Tumeishia kwenye omuramura. Tuung'oe tugombane na kijiji kizima? Tuna familia, mama."

Adelgunda akakaa chini, akajifuta uso kwa kitenge, akapumua mpaka mabega yakashuka. Alikuwa anatazama shimo la mwisho, hatua mbili tu kutoka mpakani.

"Mkaratusi unakunywa maji kama ng'ombe, utakikausha kile kipande. Hilo fukieni. Mstari wote urudi hatua ishirini."

"Luqman atasemaje?"

"Mwulize kama bado anataka kufyekewa njia ya moto."

Clavery alicheka, akachukua koleo, akaanza kufukia.