Matundu Kwenye Mlango wa Kabati

Mama mkwe wangu hakunipenda tangu nilipoletwa Voi. Kwao ni Chawia, juu milimani. Mimi nimezaliwa Mata, bondeni upande wa Taveta, na kwake hilo lilitosha. "Mwanangu ameenda kuokota mke kwenye joto," aliwaambia majirani nikiwa nimesimama palepale na sinia la chai. Nami sikumpenda. Sisemi hivyo ili nihurumiwe.

Tulikaa watatu katika nyumba ya wafanyakazi wa reli: yeye, mume wangu na mimi. Sebuleni palikuwa na kabati lake la mvule, alilotengenezewa na marehemu mumewe. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa hata kulipangusa vumbi.

Mume wangu aliponunua redio, mama yake alimkubalia yeye peke yake aifiche humo. Alisema majirani wakiiona watajaa sebuleni kila jioni na hawataondoka. Ilikuwa redio kubwa ya siku zile, ya kutumia betri ya gari, na ndani yake mlikuwa na taa za vioo zilizopata moto kama jiko. Aliiwasha, akafunga mlango, akaketi kusikiliza sauti iliyotoka kama ya mtu aliyezibwa mdomo. Kabla taarifa ya habari haijaisha, harufu ya vanishi ilikuwa imetapakaa nyumba nzima. Jioni moja nilifungua mlango nikakuta mbao za juu zimegeuka rangi, na redio yenyewe haigusiki.

"Itaungua," nikamwambia. "Mlango utobolewe chini na juu, hewa ipite."

Mama yake akajibu kabla yake. "Kabati la mume wangu halitobolewi na mtu wa Mata."

"Basi redio itolewe, iwekwe mezani."

"Hapana," akasema mume wangu, akaongeza sauti ya redio. Ndivyo alivyomaliza kila ugomvi wetu.

Jumapili walipokuwa wakienda kanisani nikasema kichwa kinaniuma. Nikaazima keekee ya kutobolea mbao kwa jirani seremala, nikafungua bawaba, nikaulaza mlango uani. Mvule ule ulikuwa mgumu, mikono ikanitoka malengelenge. Nilitoboa mstari wa matundu chini na mwingine juu, nikayalainisha kwa tupa, nikapigilia wavu kwa ndani mende wasiingie. Kisha nikaurudisha mlango, nikawasha redio, nikafunga. Nilipoweka kiganja kwenye matundu ya juu nilisikia hewa ya moto ikitoka. Nilifurahi, na haikuwa kwa ajili ya redio tu.

Waliporudi, mama mkwe alisimama mbele ya kabati, kitambaa cha kanisani bado kichwani. Hakupiga kelele.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Redio ilikuwa inaungua, mama."

"Usiniite mama." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe unamtazama tu?"

Mume wangu aliinama, akaweka mkono kwenye matundu kama nilivyofanya mimi. Nikajua ameisikia ile hewa. "Ungeniuliza," akaniambia.

"Nilikuuliza."

Akanitukana, matusi ambayo siyaandiki hapa.

Kesho yake mama mkwe aliazima bisibisi kwa seremala yuleyule, akaung'oa mlango, akaufunga ndani ya shuka na kuukaza kwa kamba, akapanda nao basi la kwenda milimani. Mume wangu alimsindikiza. Mimi nilibaki nikiosha vyombo.

"Utaenda Chawia kuomba msamaha," aliniambia aliporudi.

"Sitaenda."

Na sikuenda. Kabati likabaki wazi, redio ikaonekana na kila aliyeingia, na majirani wakajaa sebuleni kama mume wangu alivyohofia. Niliwapikia chai bila kununa, kwa sababu nilipenda kumwona akikosa pa kukaa.

Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama mkwe alishuka kumwona. Alimpakata, akamwimbia kwa Kidawida, lugha ya kwao milimani, kisha akamuuliza mwanawe kama mzazi anakula vizuri, ilhali nilikuwa nimelala mbele yake. Usiku akakataa kulala kwetu, akaenda kulala kwa jirani.