Kata Mbili za Maji

Mimi ni mtu wa hasira. Nalisema mapema, mtu asije akadhani maombi yalinikuta nimetulia mahali nikiyangoja. Yalinikuta nimeshika sepetu, nikiupiga mchanga wa mto kana kwamba umenikosea, katika kiangazi ambacho kila asubuhi nilijiuliza swali moja: nibaki na mume wangu, au nirudi kwa mama yangu Makueni?

Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Siku moja kule Mtito Andei, madereva wanakosimama kula na kulala kabla ya kuendelea na barabara ya Mombasa, alipanda juu ya mzigo kukaza turubai. Kamba ikakatika, akaanguka kwa mgongo. Alilazwa kwa miezi katika hospitali ya misheni ya Mutomo, na daktari akatuambia ukweli bila kuuzungusha: mikono itafanya kazi, miguu haitaamka. Tukamrudisha nyumbani kwa gari la kuazima. Kuanzia siku hiyo nilimgeuza kitandani, nilimwosha, nilimnyoa, na katikati ya hayo yote nilimsemesha maneno mabaya. Hakuwahi kunijibu vibaya. Siku moja nilipomfokea kwa sababu ya shuka aliniambia, "Nisamehe kwa kuwa mzito." Nilitoka nje nikakaa nyuma ya jiko, maana nilijichukia.

Watu wa kanisa letu hawakututupa, siwezi kuwasingizia. Walikuja, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai. Kisha wakaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la maombi. Kila asubuhi simu yangu ilijaa njiwa, maua na jua linalochomoza, pamoja na maneno ya kunihimiza nivumilie. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini hakuna aliyeniambia zinaiva lini. Nikalinyamazisha lile kundi. Mungu naye nikamnyamazisha, kwa kadiri mtu anavyoweza.

Kwetu mto ni mchanga. Maji hupita juu siku chache za mvua, halafu huzama. Baada ya hapo kila nyumba huchimba kisima chake mtoni, shimo la kufika kiunoni, au shingoni kiangazi kikikaza, na maji hujitokeza chini kidogo kidogo. Unachota kwa kata, yaani kibuyu kilichopasuliwa nusu, unamimina kwenye mtungi wa lita ishirini. Ukimaliza, unafunika shimo kwa matawi ya miiba ili mbuzi na punda wasiingie wakalibomoa. Jambo hilo la miiba hata mtoto wa miaka mitano analijua. Ukitaka kumjua mvivu wa kwetu, usiangalie shamba lake, angalia kisima chake.

Kisima kilichopakana na changu kilikuwa cha mjane mmoja mzee, jirani yetu wa ng'ambo ya njia. Sote tulimwita Mwaitu, ndiyo kusema mama yetu kwa Kikamba, hata wale waliomzidi umri. Alikuwa mdogo wa mwili, mwenye kikohozi, na kofia ya sufu ya kijani ambayo hakuivua hata jua likiwaka vipi.

Asubuhi ya kwanza nilipochimba karibu naye nilikuwa na haraka. Nilimwacha mume wangu peke yake nyumbani, na nilitaka kurudi upesi. Nikachimba kwa nguvu, moja kwa moja kwenda chini, na ukuta wa mchanga ukaporomoka ukajaza shimo lote. Nikatupa sepetu nikatukana. Sitayaandika niliyoyasema. Mwaitu hakugeuza hata kichwa.

"Mchanga umesikia," alisema. "Sasa panua kwanza, ndipo uende chini."

Nikapanua. Nilipokuwa nikingoja maji yajikusanye, nikamsikia ananong'ona. Nilidhani anazungumza peke yake kama wazee wengine. Kisha nikatega sikio. Kila alipochota kata moja alimtaja mtu mmoja kwa jina, akasema neno moja juu yake, akamimina. "Baba, huyu na kikohozi cha mtoto wake." Akamimina. "Baba, huyu na ndengu zake, wadudu wasizimalize." Akamimina. "Baba, yule aliye barabarani, umtoe usingizi machoni." Akamimina. Hakufumba macho, maana ukifumba macho kisimani unachota tope. Mtungi wake ulijaa kwa kata kama arobaini, na kila asubuhi watu arobaini wa kijiji chetu walipita mikononi mwake.

Nilikuwa nimezoea maombi ya kupaza sauti, ya mataifa na viongozi na ushindi. Haya yalikuwa madogo. Hakuomba ya kesho. Siku moja nilimsikia akimtaja mwenye duka sokoni, yule aliyekuja na jamaa yake kutoka kaskazini mashariki kuuza mbuzi na baadaye akafungua duka la nguo. Mke wake alikuwa karibu kujifungua.

"Mwaitu," nikamwambia, kwa sababu siwezi kukaa kimya, "yule ni Mwislamu."

"Kwani hanywi maji?" akaniuliza, akamimina.

Kilichonishika zaidi si yale yaliyojibiwa. Yaliyojibiwa alikuwa akinipa kama habari za soko: yule wa ndengu amevuna debe moja, mke wa mwenye duka amepata msichana, wote wazima. Lakini asubuhi moja alichota kata, akaishika bila kuimimina. Mtoto wa kikohozi alikuwa amezikwa siku iliyotangulia, mimi mwenyewe nilikuwa makaburini. Nikangoja nione atamwambia nini Mungu wake. "Baba," alisema, "leo kata hii ni ya mama yake." Akamimina, akaenda kwa mwingine. Nilimheshimu asubuhi hiyo kuliko nilivyowahi kumheshimu mhubiri yeyote, na nimewasikia wengi.

Basi nikaanza kuja mtoni saa yake. Sikukiri hata kwangu mwenyewe kwamba naja kwa ajili yake. Nilijiambia kwamba maji ya asubuhi ni masafi, na kweli ni masafi. Nilijua pia kwamba kata ya kumi na moja au ya kumi na mbili ilikuwa ya mume wangu, "na mgongo wake, usioze vidonda," na iliyofuata ilikuwa yangu. Kwangu hakuongeza neno. Alitaja jina langu, akamimina. Wiki kadhaa nilirudi nyumbani na mitungi miwili juu ya punda na kifua chepesi kidogo, cha kunitosha mpaka jioni. Asubuhi nilikuwa mtupu tena, nikarudi.

Lakini uchovu nao hauna likizo. Kiangazi kilizidi, kisima kikawa kirefu, mgongo wangu mwenyewe ukaanza kuuma kwa kumwinua mume wangu. Nikafika mahali nikaamua. Nilimwambia mume wangu kwamba naenda kumsalimu mama Makueni siku chache, na kwamba dada yake angekuja kutoka Migwani kukaa naye. La dada lilikuwa kweli. La siku chache lilikuwa uongo. Nilitoa begi la bluu chini ya kitanda, nikalijaza taratibu, leo gauni, kesho viatu. Sikumwambia mtu yeyote. Mtoni nilichota maji kama kawaida, nikacheka na wenzangu kama kawaida. Ni jambo moja tu nililoacha kufanya bila hata kufikiri: sikufunika kisima changu. Nilijaza mitungi, nikamfungia punda mzigo, nikaondoka nikiacha shimo wazi.

Asubuhi iliyofuata nilikikuta kimefunikwa. Nikadhani ni mpita njia mwenye adabu. Nikaiondoa miiba, nikachota, nikaondoka nikaacha wazi. Siku ya pili kimefunikwa tena. Siku ya tatu vilevile. Kichwa changu kilikuwa Makueni tayari, sikujiuliza sana.

Siku hiyo ya tatu ilikuwa ya mwisho. Dada ya mume wangu angefika saa nne, nami ningeondoka saa sita. Mwaitu alikuwa chini kisimani kwake, kofia ya kijani tu ikionekana. Nikasikia kata ya mume wangu. Nikasikia jina langu, maji yakamiminwa. Kisha nikalisikia jina langu tena, na maji yakamiminwa mara ya pili.

"Mwaitu, leo umekosea hesabu," nikamwambia. "Mimi umenitaja mara mbili."

"Sijakosea. Ni siku ya tatu hii nakutaja mara mbili, ni vile tu hukuwa unasikia."

"Na mgonjwa je? Si ndiye anayehitaji mbili?"

Akapanda ukingoni polepole, akakaa juu ya mchanga, akapangusa miguu yake. "Yeye moja inamtosha," alisema. "Yeye hana miguu ya kuondoka. Wewe unayo."

Nilihisi uso unaniwaka. Nikamuuliza ni nani aliyemwambia, nikimshuku kila mtu, hata punda.

"Kisima chako kimeniambia. Anayejua atarudi kesho hufunika. Wewe siku tatu hufuniki. Nimefunika mimi."

Nikajiandaa kwa mahubiri. Nilikuwa na majibu tayari, makali, ya kumtosha yeye na kanisa zima. Hayakuja mahubiri. Nikamuuliza, kwa sauti ya kutafuta ugomvi, anamwambia Mungu nini katika hiyo kata ya pili.

"Namwambia, Baba, akiondoka, asiende na kiu. Na akirudi, akute maji safi." Akakohoa, akasimama. "Basi. Mengine ni yenu."

Akamfungia punda wake mitungi, akaenda. Hakungoja kuona nitafanya nini, na hilo ndilo lililonivunja. Nililia pale mtoni mpaka wenzangu waliokuwa wakishuka wakageuza njia kwa heshima. Kisha nikachota. Mtungi wa kwanza nilichota kimya. Katika mtungi wa pili nikajaribu kumtaja mume wangu, na mara ya kwanza jina lake halikutoka. Lilitoka kwenye kata ya tano. Sikujua niseme nini juu yake, nikasema, "Baba, huyu ni mzito, na mimi nimechoka." Ndilo ombi langu la kwanza la kweli tangu aanguke. Nilipomaliza nilichukua panga, nikakata tawi la mgunga, nikafunika. Mwiba ulinichoma kidole, na mpaka nafika nyumbani kilikuwa bado kinatoka damu.

Nilimkuta mume wangu ameegemea mto wa kitanda, anatazama mlango. Nikakaa kitandani nikamwambia yote: kwamba nilikuwa naenda Makueni, na kwamba sikuwa na nia ya kurudi.

"Nilijua," alisema. "Mtu wa siku chache habebi viatu vya kanisani."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nilikuwa nataka tu kukuomba uninyoe kabla hujaenda. Dada yangu mkono wake ni mzito."

Nikacheka na kulia pamoja. Nilipasha maji, yale yale, nikamnyoa polepole, na kidole changu kilichochomwa kikaacha doa jekundu kwenye povu. Dada yake alifika saa nne akatukuta hivyo. Makueni nilikwenda kweli, juma lililofuata, nikakaa siku nne nikarudi. Mama alinipa mbaazi na ushauri, mbaazi nilizipika.

Imepita miaka tangu siku hiyo. Miguu haikuamka. Mume wangu ana kiti cha magurudumu, na barazani anatengeneza simu na tochi za watu, na hunitania kwamba siku hizi mwenye makelele nyumbani ni redio, si mimi. Hasira bado ninayo. Kila asubuhi bado naamka mtupu, naenda mtoni, nataja watu wangu kata kwa kata, narudi na cha kunitosha mpaka jioni. Sijapata imani ya kuweka akiba.

Mwaitu magoti yamemkatalia, hawezi tena kushuka mtoni. Mtungi wake nampelekea mimi. Naye kabla hajafungua kifuniko huniuliza, "Leo umemtaja nani?" nami humhesabia: mwenye duka, mume wangu, mama yangu, mwalimu fulani, mama wa yule mtoto.

Siku moja hivi karibuni nilipomaliza orodha nilimuuliza jambo ambalo sijui kwa nini sikuwahi kumuuliza. "Mwaitu, miaka ile yote, kata yako mwenyewe ilikuwa ya ngapi? Sikuwahi kukusikia ukijitaja."

Alifikiri kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali. "Mimi nilikuwa nachota," alisema. "Nilidhani aliye karibu atanitaja."

Aliye karibu nilikuwa mimi. Kiangazi kizima nilikaa hatua tatu kutoka kwake nikinywa kutoka mkononi mwake, na hata katika orodha niliyomhesabia asubuhi ile hakuwamo. Nilimmiminia maji ya kunywa, nikaaga.

Kesho yake nilifika mtoni kabla ya wenzangu. Niliondoa miiba, nikashuka, nikachota kata ya kwanza nikamtaja yeye, nikachota ya pili nikamtaja tena. Kisha nikaendelea na wengine mpaka mtungi ukajaa, nikapanda, nikafunika kisima.