Umri wa Mafiga

Tulipokimbia Masisi, mimi nilibeba kompyuta mgongoni na Mama akabeba jembe. Ng'ombe wa kuondoka nao hawakuwepo tena. Tulikwenda Kibua, kwao Mama, na kwa muda mrefu sikuhisi kitu. Haikuwa huzuni. Ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona, unajua ni wako, unausogeza kwa mkono, basi.

Nilikuwa nimemaliza masomo, ila kazi yangu ya mwisho mwalimu alikuwa bado anaidai. Alinipa namba zilizopimwa kwenye maabara ya mbali, kutoka kwenye miamba iliyotobolewa chini kabisa ya sakafu ya bahari. Zamani miamba hiyo ilikuwa magma, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto; ikapoa na kuganda huko huko, maji yakiwa juu yake. Mimi nilitakiwa kukokotoa umri wake. Bahari sijaiona. Nimeona ziwa, pale Goma, na hata siku hiyo badala ya kulitazama nilisimama nikijiuliza kama mtu anaruhusiwa kuandika juu ya maji ambayo hajawahi kuyaonja.

Jua likiwaka nilichaji kompyuta kwenye paneli ya jirani, kisha nikakaa mlangoni nikitazama vinukta kwenye mchoro. Kila kinukta kilikuwa fuwele moja ya zirkoni, ndogo kuliko punje ya chumvi. Fuwele hiyo inapoganda hunasa urani kidogo, na urani hugeuka madini ya risasi polepole mno, kwa mwendo usiobadilika. Ukijua risasi imefikia kiasi gani, unajua lini magma ilipoa. Karibu vinukta vyote vilikubaliana. Kimoja kilidai kuwa kikongwe kuliko mwamba wenyewe. Nilikitoa, nikakirudisha, nikakitoa tena. Labda fuwele ile ilitoka kwenye mwamba wa zamani zaidi, ikaanguka ndani ya magma bila kuyeyuka. Labda mashine ilikosea. Labda nilinakili vibaya. Niliwaza mpaka sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikaungua jikoni, na Mama akaja kuiondoa motoni.

Mama ana kaka wawili Kibua, baba mmoja, mama mbalimbali. Mmoja, wa tumbo moja na Mama, huvaa kofia ya sufu hata kwenye joto. Mwingine hutembea na redio kwapani hata ikiwa haina betri. Walizaliwa msimu mmoja wa mvua, kila mmoja kwenye nyumba ya mama yake, na baba yao alikufa bila kusema nani alitangulia. Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu. Kisha wachimbaji wa madini wakautaka mlima wa ukoo, na kwa desturi ya ukoo, mkubwa ndiye anayeusemea mlima. Mjomba wa redio alitaka kuwapa. Mjomba wa kofia alitaka mlima ulimwe. Muhogo wa Mama ulikuwa chini ya mlima huo, karibu na kijito. Ndio tuliokuwa tunakula. Mlima ukienda, shamba linaenda.

Jioni moja tulikuwa tunakula pamoja, mjomba wa redio akanielekeza kidevu.

"Mutoto yetu, ile machine inakuambiaka nini muchana yote?"

"Miaka ya majiwe, mjomba. Ya chini ya bahari."

"Jiwe iko na miaka?"

Nilitafuta sentensi fupi. Huwa natafuta sana, na nikiipata naiamini kupita kiasi. Nilimwambia, "Jiwe inaanza kuhesabu miaka siku moto yake inazimika."

"Njo vile?"

"Njo vile, mjomba," nilikubali.

"Basi iko na akili kunishinda. Miye nilisahau kuhesabu."

Watu walicheka, nami nikacheka nao, nikidhani mambo yameishia hapo.

Jumapili, baada ya ibada, waliniita uani. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, na katikati palikuwa na mawe mawili meusi kwa masizi. Mzee wa kanisa, aliyeombwa kusimamia, alinieleza. Zamani katika ukoo ule mke hakuwa na jiko lake mpaka azae. Siku ya kuzaa, mume alishuka kijitoni, akamletea mafiga matatu, na moto ukawashwa. Kila mjomba alikuwa amehifadhi figa moja la mama yake.

"Ulisema jiwe inahesabu kufuata moto," alisema mjomba wa redio. "Hii ya mama yangu iliingia moto siku nilizaliwa. Ile ya mama yake, siku yake. Pima."

"Aweke machine juu ya jiwe," mke wake alisema. "Iko na chaji?"

Nilieleza kwamba moto niliousema ni ule unaoyeyusha jiwe likawa kama uji. Moto wa jikoni ni mdogo. Zirkoni iliyomo ndani hata haiusikii.

"Hata moto ya mama yangu?" aliuliza mjomba wa kofia.

"Hata ya mama yako."

"Sasa hukukula chakula yake. Ile moto ilikuwa inachoma mupaka jina ya sufuria."

Walicheka tena. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza kwamba ipo njia nyingine, ya kupima mwanga uliofungwa ndani ya chembe za jiwe lililochomwa. Hiyo husikia hata moto wa jikoni. Lakini ingeonyesha siku ya moto wa mwisho, si wa kwanza, na tena mashine yake iko wapi. Sikuisema. Nilipoinua macho wote walikuwa wananingoja.

"Sema kitu, mutoto," alisema mjomba wa kofia, taratibu. "Ulisoma."

Niliinama. Nilifuta masizi kwa jani, nikageuza jiwe la kwanza, kisha la pili. Chembe nyeupe na nyeusi, ukubwa ule ule, mshipa mwembamba ule ule. Mwamba mmoja, ule wa kijitoni. Hilo nililijua kwa hakika, na ndilo pekee nililolijua, kwa hiyo nikalisema.

"Zote mbili zilitoka kwa mwamba moja. Ziko na miaka sawa."

Mjomba wa redio aliweka redio chini. Mzee wa kanisa akasimama.

"Mumesikia. Bako sawa."

"Hapana, Papa," nilisema. "Majiwe njo iko sawa. Si bazee."

"Tumesikia, dada. Sawa."

Nilirudia kwa sauti kubwa zaidi. Mzee wa kanisa alikuwa ameshavua kofia yake, na watu walikuwa wameinamisha vichwa kwa sala. Nadhani walikuwa wamechoka na ugomvi na walitafuta mlango wowote wa kutokea. Ikiwa hakuna mkubwa, mlima unagawanywa. Waliugawa siku ile ile, kwa kufuata njia ya miguu. Juu kwa mjomba wa kofia, chini kwa mjomba wa redio, kwa sababu wachimbaji wanahitaji maji ya kuoshea madini. Wajomba walishikana mikono. Shamba la Mama lilikuwa chini.

Asubuhi Mama alichukua kikapu, nikamfuata. Muhogo ulikuwa haujakomaa. Alitikisa shina, akavuta, mizizi ikatoka myembamba kama vidole. Ng'ambo ya kijito vijana wawili wa wachimbaji walikuwa wanapigilia vigingi vya mpaka, wakatusalimu vizuri.

"Niliwaambia ni majiwe," nilisema.

"Nilikusikia."

"Niliwaambia mara mbili."

Alikung'uta udongo. "Ungesema nini ingine?"

Nilifikiri. "Ningesema sijui."

"Ungesema," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesema jana ilinyesha.

Nilingoja nione kama nitaumia. Nilisikia maji, nilisikia vigingi. Shina lililofuata lilikuwa gumu, akaniambia nishike. Nilishika chini ya mikono yake, tukavuta, mzizi ukakatika ukabaki nusu ardhini. Mama akapiga magoti, akaanza kuufukua kwa vidole.