Noreen Aliyeitaja Lady Agnes

Merv alisema watasimama Lady Agnes kidogo tu. Noreen aliijua "kidogo" ya mumewe, lakini funguo za gari zilikuwa mfukoni mwa Merv, na Perth ilikuwa bado mbali. Huko hospitalini, kesho, binti yao Bronwyn angefanyiwa upasuaji wa kujifungua. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: mama awepo.

Lady Agnes haukuwa mji tena. Ulibaki ukuta wa baa, vitanda vya chuma vyenye kutu na mashimo ya wachimbaji waliokufa zamani. Noreen alikaa mlangoni mwa trela lao la kulala, nzi wakimtembea usoni, akimtazama Merv akipitisha detekta, chombo cha kutafutia dhahabu, juu ya ardhi. Simu haikushika mtandao. Tangu wauze nyumba ili wazunguke nchi, hakuwa na pa kwenda bila Merv.

Mara detekta ikalia. Merv akaja na kipande cha dhahabu, kidogo kama punje ya mahindi.

"Tunakaa hapa wiki nzima. Usimwambie mtu."

"Na Bron?"

"Bron ana mume. Wewe utafanya nini kule, umshikie daktari kisu?"

"Nitamshika mwanangu mkono. Nipe funguo."

"Hili trela hujui kulivuta, bibie. Utalilaza mtaroni." Akarudi kuchimba, akipiga mluzi.

Noreen aliingia garini, akashika redio ya upepo. Madereva wa malori huisikiliza, na watafuta dhahabu pia. Ndiyo maana hakuna anayetaja hewani mahali alipopata. Akabonyeza kitufe.

"Kuna anayeelekea Perth? Niko Lady Agnes. Mume wangu amepata dhahabu, hataki kuondoka."

Mwanamke akacheka hewani. "Mama, hiyo ya mwisho hukuhitaji kuisema."

"Nilihitaji."

"Haya, simama barabarani. Lakini nimebeba kondoo, wananuka."

"Nimeolewa na soksi za Merv. Njoo."

Merv alikuja mbio, redio yake ndogo ikining'inia kiunoni. "Umeitaja!"

"Nimeitaja."

"Watajaa hapa kabla ya jioni!"

"Basi utapata wa kuongea naye."

Merv alibana mfuko wenye funguo kama vile Noreen angemnyang'anya. Noreen akachukua begi lake, akatembea hadi barabarani, akangoja juani bila kugeuka.

Lori lilikuwa limekwenda mwendo mrefu simu iliposhika mtandao. Bronwyn alikuwa ameandika: Mko wapi?

Noreen alifikiri, kisha akaandika: Nakuja peke yangu.