Mkono Juu ya Jora

Siku hizi mtu wa Kitengela akitaka kitambaa anabonyeza simu akiwa bado kitandani, na kitambaa kinafika mlangoni kabla hajapata viatu vyake. Simlaumu. Lakini kitambaa ambacho hakijapiganiwa mimi hukionea huruma. Kinakaa mwilini kama mgeni asiyejua choo kiko wapi.

Sisi tulikuwa na ofa ya Septemba. Nazungumzia miaka ile Kitengela ilipokuwa barabara moja na pundamilia wengi kuliko wapangaji. Duka la vitambaa la maana lilikuwa Kajiado mjini, la mzee mmoja aliyetoka upande wa Garissa, ambaye kila mtu alimwita Haji. Lilikuwa duka jembamba kama koo la twiga, lakini majora yalipangwa humo hadi darini, na yale ya nyuma kabisa naamini hayakuwa yameona jua tangu uhuru. Baridi ya Julai ikiisha, Haji hubaki na vitambaa vizito ambavyo hakuna mwenye akili angevishonesha jua likirudi, na huku Desemba inamkodolea macho ikitaka nafasi ya vitambaa vyepesi vya sikukuu. Basi wiki ya kwanza ya Septemba alitandika turubai mbele ya duka, akamwaga majora yote ya baridi pale nje, na bei ikaanguka kama mlevi kwenye ngazi. Watu walikuja hata kutoka Magadi, mahali pa joto kiasi kwamba blanketi ni kitu cha kusimuliwa.

Ofa hiyo ilikuwa na sheria moja tu. Inasemekana mwaka fulani wanawake wawili walivutana jora mpaka likapasuka katikati, na kila mmoja akaanguka kwa upande wake, mmoja akaangukia mbuzi. Tangu siku hiyo Haji akaamua: ukiweka mkono juu ya jora, ni lako mpaka uuondoe. Mkono ukiwa pale, halipewi mtu mwingine, hata akija chifu. Na mikono ya watu wawili ikikutana juu ya jora moja? Hapo Haji haingilii. "Nyinyi wote ni wateja," angesema, "na nyinyi wote mko na ndugu wakubwa. Wallahi, mimi nangoja."

Mwaka ninaokumbuka, mama yangu alinituma huko na amri kutoka rohoni. Dada yangu mkubwa, mwalimu wa nasari, alikuwa amepata mchumba, kijana Mmaasai fundi wa pampu za visima, mpole kiasi kwamba akisalimia unadhani anaomba msamaha. Watu wake walikuwa waje kwetu Kitengela kumwomba rasmi. Sisi ni watu wa magharibi, baba alikuwa kiwanda cha simiti, na hatukuwa na ukoo karibu. Mama aliokota shangazi hapa, jirani pale, mwanakwaya kule, mpaka akafikisha wanawake tisa, yeye mwenyewe akiwemo, wa kusimama upande wetu. Lakini jeraha lake lilikuwa la zamani. Kwenye sherehe ya jirani mwaka uliopita, wanawake hao hao walienda kila mmoja na nguo yake, na bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Hawa nao wameokotwa stendi?" Mama hakulala siku tatu. Mimi nasema tatu. Yeye anasema saba.

"Safari hii tunavaa sare," akaniambia. "Wote tisa. Jora moja, rangi moja. Wakwe waone tuko na kwetu. Ukirudi bila jora, pitia nyumba nyingine ukalale."

Nilifika Kajiado kabla Haji hajamaliza kutandika. Nikaliona. Jora la zambarau lenye vijistari vya dhahabu, zito kama godoro lililonyeshewa, la mwisho la aina yake. Nikaruka na kuliwekea mkono. Wakati ule ule, upande wa pili wa jora, mkono mwingine ukatua, wenye bangili za shanga mpaka karibu na kiwiko.

Alikuwa mama mmoja Mmaasai, mrefu, umri wa mama yangu, shingo imenyooka kama hajawahi kuinama kwa mtu.

"Sopa, yeyo," nikamwamkia kwa lugha yake, yeyo ni mama, maana adabu haiuzwi kwa ofa.

"Ipa, msichana. Umeshika kitu changu."

"Yeyo, mimi ndio nimefika kwanza."

"Miguu yako ndio imefika kwanza. Mkono wangu ndio umefika kwanza."

Tukamwangalia Haji. Haji akaangalia mbinguni.

"Tukate nusu nusu," nikasema. Haji akapima kwa ile yadi yake ya chuma huku sisi tumeshikilia. Nusu ya jora ingevisha wanawake wanne na mkono wa kushoto wa wa tano. Yule mama pia alikuwa na wanawake wake wa kuvisha. Hakuna aliyeachilia.

Tukakaa chini juu ya turubai, jora katikati yetu kama mgonjwa. Saa tatu ikapita. Saa nne. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni, aliyenifundisha kuandika nikiwa tayari ni mama wa watoto watatu, alinionya nisitie chumvi, kwa hiyo nasema ukweli mtupu: jua la siku hiyo lilikuwa la kukaangia mayai juu ya upara wa Haji, na vidole vyangu viliota mizizi ndani ya kile kitambaa. Wanawake wengine walituzunguka wakinunua, na kila aliyepita alitupa neno.

"Hawa bado?"

"Huyo mdogo ataachilia. Ona anavyotetemeka."

"Mkubwa ndiye ataachilia. Wakubwa huenda msalani mapema."

Yule mama akacheka. "Mimi nimechunga ng'ombe siku mbili bila maji," akasema. "Wewe umechunga nini?"

"Mimi nimeishi na mama yangu miaka ishirini na mbili," nikajibu. Hata yeye akakubali kwamba hiyo ni kazi.

Kufikia saa sita tulikuwa tumezoeana kama wafungwa. Haji akatuletea chai ya maziwa yenye tangawizi, tukanywa kwa mkono mmoja mmoja. Nikamwuliza jora anataka la nini.

"Nina kijana anaenda kuomba msichana. Nataka wanawake wangu waingie pale wakiwa kitu kimoja."

Hapo mdomo wangu, ambao umeniponza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, ukafunguka wenyewe. "Yeyo, kijana mzuri hahitaji jora zima nyuma yake. Huyu wako ana nini? Amekosa meno? Mwache aende peke yake wamwone, wakimkataa hata hiyo zambarau haitamfunika."

Watu wakaangua kicheko. Mama mwenyewe hakukasirika. Akapuliza chai.

"Ana meno yote," akasema. "Shida yake ni aibu. Akisalimia watu unadhani ameiba. Lakini mkono wake ni wa dhahabu. Pampu yoyote ya kisima ikifa kutoka Illasit mpaka hapa, yeye ndiye huitwa."

Chai ikaingia njia isiyo yake. Nilikohoa mpaka Haji akanigonga mgongo kwa yadi.

Nilijua mama wa mchumba wa dada yangu anakaa Illasit, mbali huko karibu na Loitokitok. Ndiyo maana sikuwaza kabisa kwamba angeamkia Kajiado. Baadaye nilijua alikuwa amekuja kwa dada yake, naye akasikia habari za ofa.

"Huyo msichana anayeombwa," nikauliza kwa sauti ya panya, "ni wa wapi?"

"Kitengela. Watu wa magharibi. Anafundisha watoto wadogo."

"Baba yake yuko kiwanda cha simiti?"

Akageuka, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Paji, pua, kidevu. Watu husema mimi na dada yangu tumetolewa kwenye kinu kimoja.

"Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake," nikasema. "Wa tumbo moja."

Turubai lote likageuka kututazama. Nafikiri hata mbuzi wa Kajiado waligeuka. Nikapiga hesabu ya maneno yote niliyokuwa nimemwambia tangu asubuhi, nikaona dada yangu akizeekea nasari bila mume, na mama yangu akinitafutia nyumba nyingine ya kulala maisha yangu yote. Sare ingepatikana, ndiyo, lakini ya kuvalia nini?

"Yeyo, samahani," nikasema, na nikaanza kuinua mkono. "Chukua."

"Weka mkono!" akafoka, nikaurudisha kama nimechapwa. Kisha akainua wake yeye, taratibu, kidole kwa kidole, akaukunja na kuukunjua ili damu irudi. "Sisi ndio tunaomba. Anayeomba hashindani na anayeombwa, hata kwa kitambaa. Watu wakisikia nimewanyang'anya wakwe nguo sokoni, nitaingia kwenu na uso gani?"

"Na yale niliyosema juu ya kijana?"

"Yale," akasema akijifunga shuka, "nitamwambia siku ya harusi."

Nikarudi Kitengela na jora kichwani. Mama akalipokea kwa vigelegele vilivyowaamsha wafanyakazi wa zamu ya usiku mtaa mzima. Akalipapasa, akalinusa, akalikumbatia. Kisha nikamweleza lilivyopatikana, na vigelegele vikakatika kama umeme.

"Umemnyang'anya mama mkwe wa dada yako?"

"Aliachilia mwenyewe, mama."

"Mtu mzima akiachilia, mtoto hushikilia? Nani alikulea?" Nikasogea karibu na mlango, kwa usalama.

Alizunguka chumba kimoja na sebule kama mtu aliyepoteza funguo. Aliliangalia jora, akaniangalia, akaliangalia tena. Lilitosha wanawake tisa kamili, bila hata ncha ya kitambaa cha kichwa. Mwishowe akachukua makasi, akalikunjua kitandani, akapima kipande cha mtu mmoja kwa mikono yake mwenyewe, akakata.

"Hiki ni cha nani?" nikauliza.

"Kilikuwa changu. Kesho mapema unampelekea. Mwambie ni sisi tumemvisha."

"Na wewe utavaa nini?"

"Nitavaa gauni langu la kanisa. Mimi ndiye mama wa binti. Kuna mtu atakosa kunijua?"

Siku ya kuombwa ilifika na jua lake. Wanawake wetu wanane walipanga mstari uani ndani ya zambarau ile nzito, wakitoa jasho kama sufuria za ugali, lakini sare ilikuwa sare. Hakuna aliyeuliza tumeokotwa wapi. Msemaji wetu alikuwa mjomba, ndugu yake mama, aliyeshuka kwenye basi asubuhi hiyo kutoka magharibi, hajui mtu hata mmoja Kitengela. Mama, huku akipindua kuku jikoni, alimpa maelekezo kwa haraka: "Wetu ni wale wa zambarau. Ukikwama, uliza mkubwa wao."

Wageni wakaingia, shuka nyekundu mbele, na katikati yao mama wa kijana, zambarau yetu imeshonwa ikamkaa utadhani alizaliwa nayo, na shanga juu yake kama mvua. Vijana wetu wa kupanga viti wakaona rangi. Hawakuuliza. Wakamsindikiza kwa heshima hadi upande wetu, wakamkalisha kiti cha katikati. Yeye akafikiri ndiyo desturi yetu, kumkalisha mgeni tuliyemvisha pamoja nasi. Akatulia. Mimi nilikuwa nabeba soda, na naapa nilifikiri ni vizuri tu, amependeza.

Mazungumzo yakaenda. Wazee wakazunguka, wakatania, wakaombana radhi kwa mambo ambayo hayakuwa yametokea. Ikafika mahali ambapo kwetu msemaji humgeukia mama mzazi mbele ya wote, na asipokubali yeye, wageni hurudi kwao wakapange upya. Mama alikuwa amejiandalia hapo. Tulijua, maana alifanya mazoezi kwenye kioo. Angenyamaza kwanza. Angefuta jicho. Angewaacha watu wa Illasit wasote kidogo.

Mjomba akasimama, akamtafuta dada yake, ambaye kuku walikuwa wamemrudisha jikoni, akakumbuka maelekezo, akatazama zambarau, akamwona mkubwa wao katikati.

"Mama yetu," akasema kwa sauti ya mahubiri, "uliyekaa mahali pa aliyebeba mimba hii miezi tisa. Hawa watu wametoka mbali. Tuwape mtoto, au warudi walikotoka?"

Mama wa kijana akatazama kulia. Akatazama kushoto. Niliona sekunde ile alipoelewa, kwa sababu shanga zote zilitikisika kidogo. Kisha akasimama, mrefu kuliko mlingoti.

"Wapewe!" akasema. "Wapewe leo leo, na mtu asiwasumbue!"

Wale wanane wa zambarau, kwa mazoea, wakapiga vigelegele. Wazee wa Illasit walikuwa wamesimama tayari, wakishukuru kwa mikono yote miwili, kabla mtu hajaweza kumeza mate. Kijana mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakitetemeka, na si kwa aibu.

Mama akatokea mlango wa jikoni na gauni lake la kanisa la manjano, mwiko mkononi.

"Nani amejibu?"

Mjomba akaangalia gauni la manjano, akaangalia zambarau, na nikaona akili yake ikitafuta basi la kurudi.

"Neno limeshasikika," mzee mmoja wa upande ule akasema kwa upole, "na limetoka upande wenu."

Mama alimtazama yule mwanamke aliyesimama ndani ya kitambaa chake. Wakatazamana muda mrefu, mimi nasema dakika kumi. Halafu mama akampa mtu mwiko, akavuka uwanja, akavuta kiti.

"Basi sogea," akamwambia. "Umeshamtoa. Sasa nisaidie kulia."